Faida Yangu, Hasara ya Nani?

Mpendwa, Januari 2021 kule Marekani watu wa kawaida walikimbilia hisa za GameStop, kampuni ya maduka ya michezo ya video iliyokuwa ikiyumba. Tarehe 28 hisa moja ilipita dola 480. Kufikia Februari 2 ilikuwa chini ya 100. "Shikilia, usiuze!" walihimizana.

Sasa hebu tuulizane: aliyeuza bei ikiwa juu, alimuuzia nani? Huenda ni mnyonge mwenzake, aliyeingia mwisho na pesa za rent.

Kununua hisa si dhambi. Dhambi ni kumwambia ndugu yako ashikilie, na wewe unatafuta mlango. Ukimshauri mtu, mwambie yote: ulinunua kwa ngapi, na unapanga kuuza lini.