Mzee Si Asilimia

Siku hizi nasikia ati wazee wanakufa sana kuliko zamani. Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo nauliza: kati ya wangapi? Sensa ya 2009 ilihesabu Wakenya kama milioni 1.9 wenye miaka 60 na zaidi. Ya 2019, kama milioni 2.7. Wazee wakiongezeka, mazishi yao pia yanaweza kuongezeka, hata kama wanaishi zaidi. Linganisha wangapi wamekufa kati ya kila elfu.

Lakini hesabu ina mtego wake. Wakati wa Corona wengine wetu tulisema, "Si alikuwa mzee tu?" Kwani kifo kilichotarajiwa si hasara?

Julai 2020 makanisa yalifunguliwa, lakini waliozidi miaka 58 wakaambiwa wabaki nyumbani. Ilikuwa ya kuwalinda. Masharti yalipoondolewa, nani alienda kuwachukua? Zaburi 71:9 ni ombi la mtu asitupwe uzeeni. Mungu hajui wastani, anajua jina.

Jumapili hii ukija Lavington, mpitie mzee mmoja, mje pamoja. Amina.