Daftari la Ajali ni la Nani?

Wahenga walisema kwamba ajali haina kinga. Neno hilo lina hekima yake, na tena lina hatari yake. Hekima yake ni kumkumbusha binadamu kwamba hana mamlaka juu ya kila kitu. Hatari yake ni kumfundisha kukunja mikono mbele ya jambo ambalo angeweza kulizuia. Neno lenyewe, ajali, lilitujia kutoka Kiarabu, na asili ya maana yake ni muda uliowekwa, yaani saa aliyokadiriwa mtu kuondoka duniani. Baadaye lilichukua maana ya msiba wa ghafula, na leo tukilisikia huwaza kwanza motokaa zilizogongana au mtu aliyekanyagwa barabarani. Maana mbili zimo ndani ya neno moja, na ile ya kwanza huitawala ya pili. Kwa hiyo mtu akifa chini ya magurudumu, husemwa kuwa saa yake ilifika, na mazungumzo huishia hapo.

Si nia ya insha hii kubishana na imani ya mtu yeyote juu ya saa ya kufa. Lakini tuulize swali dogo. Ikiwa watu watatu wamekufa mwaka huu penye kona moja, na wanne mwaka jana, na watatu mwaka juzi. Karibu wote usiku, na karibu wote wakienda kwa miguu. Je, saa zao zilipatana kufika mahali hapo, au mahali hapo pana kasoro? Mchungaji anayemtegemea Mungu bado hufunga lango la zizi lake jioni. Kulifunga si kukosa imani, na kuliacha wazi si uchaji.

Sasa tazama kwamba swali hilo haliwezi hata kuulizwa bila maandishi. Aliyefiwa anakijua kifo kimoja tu, kilichoingia nyumbani kwake. Dereva wa matatu anakumbuka ajali alizoziona kwa macho yake. Mwenye duka kando ya njia anakumbuka zile zilizotokea mbele ya duka lake, na akihama, kumbukumbu yake huhama naye. Kila mmoja ameshika kipande, wala hapana aliyeshika kitu kizima. Anayeweza kukishika kitu kizima ni askari wa trafiki. Yeye hufika palipotokea msiba, hupima alama za matairi, huchora ramani ya mahali, huandika siku na saa, aina ya magari, hali ya barabara, waliokufa na walioumia. Ukurasa baada ya ukurasa, daftari lake huwa ndilo kumbukumbu ya barabara. Kifo kimoja ni msiba; vifo kumi vilivyoandikwa pamoja ni habari.

Hapo ndipo linapozuka swali letu: habari hiyo ni mali ya nani?

Wako watakaosema kuwa ni mali ya polisi, kwa kuwa wao ndio walioiandika. Jibu hilo ni jepesi, lakini halisimami. Karani wa chama cha ushirika huandika kilo za kahawa zinazoletwa kiwandani, lakini hesabu ile si yake. Ni ya wakulima waliochuma. Akiificha, hatusemi kwamba ametunza mali yake, bali kwamba amevunja amana. Daftari la ajali nalo ni amana. Mshahara wa mwandishi wake hutoka katika kodi ya wananchi. Barabara ilijengwa kwa fedha zao. Na wino wa daftari lile, tukisema kweli, ulilipiwa kwa damu yao. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 35, humpa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka 2016 iliweka njia ya kuziomba. Kwa hiyo anayetaka kujua haombi hisani. Anadai chake.

Lakini haki peke yake haitoshi kumshawishi mtu mwenye busara. Atataka kujua pia faida. Kwa hili kuna mfano wa kale ambao si wa barabara. Mwaka 1854 kipindupindu kilivamia mtaa wa Soho mjini London. Wakati ule wengi waliamini kwamba ugonjwa huo huletwa na hewa chafu. Daktari mmoja, John Snow, alishuku maji. Alikwenda katika ofisi ya serikali iliyokuwa ikiandikisha vifo, akapata orodha ya waliokufa na mahali walipokuwa wakiishi, kisha akatembea mtaani nyumba kwa nyumba. Akaona kwamba wengi wao walikaa karibu na bomba moja la maji katika njia ya Broad Street. Aliwaonyesha wakuu wa mtaa ushahidi wake, na tarehe 8 Septemba mpini wa bomba lile ukaondolewa. Ni kweli kwamba maradhi yalikuwa yamekwisha anza kupungua. Lakini tangu hapo njia ya kuyajua ilikuwa imepatikana.

Msomaji, zingatia fundisho la kisa hiki. Makarani walioandika vifo hawakujua walichokiandika kina maana gani. Snow aliyeijua maana hakuwa mwandishi wa daftari. Kama ofisi ingalimfungia mlango na kumwambia kwamba hesabu ile ni siri ya serikali, maarifa ya karani na maarifa ya tabibu yasingekutana, na watu wangaliendelea kunywa mauti yao. Jicho moja, hata likiwa kali, halioni kila upande. Siri hulitosheleza jicho moja. Uwazi huyakaribisha macho mengi.

Turudi kwetu. Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, hutangaza idadi ya wanaokufa barabarani. Mwaka 2023 walikufa zaidi ya watu 4,300, na mwaka 2024 zaidi ya 4,700, na kundi lililo kubwa kuliko yote ni la waendao kwa miguu. Kutangaza hivyo ni jambo jema. Lakini jumla ya nchi nzima hutuhuzunisha bila ya kutuongoza. Mwalimu mkuu ambaye wanafunzi wake huvuka barabara kila asubuhi hahitaji jumla ya nchi. Anahitaji kujua ni wangapi waliogongwa katika nusu kilomita iliyo mbele ya lango lake, saa ngapi, na kwa magari ya namna gani. Watafiti waliwahi kuchukua kumbukumbu za karatasi za polisi wa Nairobi na kuzihamishia katika kompyuta, wakaona kwamba ajali hazikutapakaa ovyo mjini, bali zimejikusanya katika sehemu chache za barabara. Palipokuwa na rundo la karatasi pakawa na ramani.

Huenda mtu akasema kwamba mahali pa hatari panajulikana bila ya daftari. Ni kweli, baadhi yake panajulikana. Sehemu ya barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, karibu na Salgaa na Sachangwan, ilitajwa kwa hofu miaka mingi. Alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017 basi na lori ziligongana huko Migaa, wakafa watu 36, na baada ya msiba huo serikali ilijenga ukuta wa kutenganisha magari yaendayo na yajayo. Lakini tazama bei iliyolipwa ili mahali hapo pasikizwe. Panapoua watu wengi kwa siku moja hupata jina, na penye jina hupata fundi. Panapoua mtu mmoja mmoja, leo mama mwenye kikapu, mwezi ujao kijana wa bodaboda, hapapati jina wala fundi. Ni daftari peke yake linaloweza kuyatetea mahali kama hayo, kwa sababu halingoji kishindo, hujumlisha tu.

Haki nyingine nazo ni lazima zipewe nafasi yao. Ya kwanza ni heshima ya mtu. Aliyelala majeruhi, na mama aliyepoteza mwanawe, hawapaswi kufanywa maonyesho. Dereva aliyeshtakiwa hana hatia mpaka mahakama itakapohukumu. Hoja hii ni ya kweli, lakini haifungi mlango. Huonyesha tu upana wake. Umma hauna haja na jina la maiti ili kuijua kona iliyomuua. Nchini Uingereza kumbukumbu za polisi za ajali zenye majeruhi hutolewa kila mwaka kwa mtu yeyote azitakaye, zikitaja mahali, tarehe, saa, mwanga, hali ya barabara na aina ya magari, bila ya majina. Na za tangu mwaka 1979 hupatikana hivyo. Kwetu, sheria ya mwaka 2019 hulinda habari za siri za mtu. Sheria hiyo na ile ya mwaka 2016 si maadui: moja hulinda uso wa mtu, nyingine hufunua uso wa barabara.

Hoja ya pili ni kwamba umma utazisoma hesabu vibaya. Hatari hii ipo. Barabara yenye ajali nyingi huenda si mbaya kuliko nyingine. Huenda ina wapitaji wengi tu. Ukitazama idadi bila ya kutazama wapitaji, utailaumu njia kuu na kuisifu njia ya porini isiyopitwa na mtu. Lakini dawa ya kutojua kusoma ni kufundishwa kusoma, si kunyimwa kitabu.

Hoja ya tatu ina uzito zaidi: daftari lenyewe si kamili. Kwa mwaka 2016 hesabu ya serikali ilikuwa karibu vifo 3,000, hali Shirika la Afya Duniani lilikadiria zaidi ya 13,000. Tofauti kama hiyo haina lazima ya kutokana na uongo. Mtu huumia barabarani, hupelekwa hospitali, hufa baada ya juma moja, na habari za kifo chake zisirudi kituoni. Ndiyo sababu nchi nyingi humhesabu kila anayekufa katika muda wa siku 30. Je, daftari lenye kasoro lifichwe hata likamilike? Lililofichwa halitakamilika kamwe, maana hakuna wa kulisahihisha. Mficha maradhi kifo humuumbua, na aibu ya kasoro iliyoonekana ni ndogo kuliko madhara ya kasoro iliyofunikwa.

Limebaki neno moja, nalo latuhusu sisi. Haki ya kujua huzaa wajibu, kwa kuwa ajuaye hawezi tena kujificha nyuma ya kudra. Serikali iliyotangaza kwamba daraja fulani limeua watu tisa imejifunga yenyewe kulitengeneza. Dereva aliyejua hivyo akapita kwa kasi amejivika lawama. Na raia anayedai daftari liwe wazi hana budi kuwa mkweli linapoandikwa: aliyeona ajali aseme alichokiona, asimfiche ndugu yake aliyekosa, wala asimsingizie mgeni aliyepita. Tukilipa daftari uongo wetu, tutarudishiwa uongo wetu ukiwa umepigwa mhuri.

Ajali haina kinga, walisema wahenga, na kwa ile ya kwanza neno lao litasimama daima, kwa kuwa hapana aijuaye. Lakini ile ya kumi, iliyofuata tisa zilizoandikwa mahali pale pale, kinga yake ilikuwa katika daftari.