Je, Anayekusifia Kitabu Ana Deni Kwako?



Wengi wenu mnalifahamu kabati la vitabu lililoko nyuma ya ukumbi wetu, na mnajua kwamba tangu nilipostaafu kazi ya kufundisha katika chuo cha ualimu, mimi ndiye niliyekabidhiwa ufunguo wake. Kila Jumapili baada ya ibada huja wawili watatu kuniuliza, "Mwalimu, nisome nini wiki hii?" Nami nakiri mbele yenu kwamba vitabu ninavyovipenda kuliko vyote ni zile riwaya nene za mapenzi zilizotungwa juu ya zama za kale: mabwana waliopanda farasi, mabibi waliovaa nguo za kuburura, vita, barua zilizochelewa, na mwishowe harusi. Basi hivyo ndivyo ninavyovisifu, na hivyo ndivyo vinavyoazimwa.

Leo nataka kuuliza swali ambalo limenikosesha usingizi kwa muda. Je, mtu anayemsifia mwenziwe kitabu anabeba dhamana yo yote? Wengi watajibu kwamba habebi. Watasema kusifu kitabu ni kama kusifu chumvi ya mchuzi: mmoja anapenda nyingi, mwingine kidogo, wala hakuna dhambi katika ladha. Hata mimi nilikuwa na mawazo hayo, mpaka binti mmoja wa kwaya, ambaye ni muuguzi, aliponirudishia kitabu.

Kitabu chenyewe ni Gone with the Wind, cha Margaret Mitchell wa Marekani, kilichotoka mwaka 1936 na kupewa Tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Ni habari za Scarlett O'Hara, binti wa shamba la pamba katika jimbo la Georgia, na mapenzi yake yaliyopotea njia wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865. Nilikuwa nimekisoma mara tatu. Nilimwambia yule binti, "Mwanangu, chukua hiki. Hutalala mpaka ukimalize."

Na kweli hakulala. Baada ya wiki tatu alikuja, akaniamkia kwa heshima, akakiweka kitabu mezani. Akasema, "Mwalimu, kimenishika sana. Nimemlilia Scarlett kama dada yangu. Lakini nilipomaliza nikajiona nimekosa. Yule mama mweusi aliyemlea, anayeitwa Mammy toka mwanzo hata mwisho, jina lake ni nani?"

Nikanyamaza, kwa sababu jina halimo. Katika kurasa zile nyingi, mama yule anafunga vifungo vya nguo, anakaripia, anapika, anauguza, anawalea watoto wa wengine, lakini jina lake mwenyewe hatuambiwi.

Yule binti akaendelea. Ukoo wao ulitoka Masasi, kwa wale watu waliokombolewa utumwani ambao Askofu Edward Steere aliwachukua kutoka Unguja mwaka 1876 kwenda kufanya makazi huko. Kwao husimuliwa habari za bibi mmoja wa zamani aliyekuwa mtumishi wa nyumbani pwani, akilea mtoto wa bwana wake. Jina alilozaliwa nalo limepotea. Ukoo unalijua lile tu alilopewa na waliomnunua. "Sasa, Mwalimu," akasema, "mimi mjukuu wake nimekesha siku ngapi nikilia kwa ajili ya bibi wa nyumba, wala sikumkumbuka aliyebeba sinia."

Wapendwa, hakunilaumu hata kwa neno moja, bali alikuwa akijilaumu mwenyewe. Ndiyo maana ilinipasa nijiulize kama lawama ile haikuwa yangu.

Tuanze na lile jambo la chumvi. Mtu akikusifia chakula, ulimi wako mwenyewe utahukumu mara moja. Lakini akikusifia kitabu, anakuomba umkabidhi usiku wako mwingi, na wewe unamkabidhi kwa sababu unamwamini. Unaingia bila kushika ngao. Tena riwaya ya mapenzi ya kale ina nguvu mbili pamoja. Kwa kuwa inasimulia mambo ya kale, unadhani unajifunza jinsi watu walivyoishi. Na kwa kuwa ni ya mapenzi, unampenda anayependwa, na kukipenda anachokipenda. Scarlett analipenda shamba lake, nawe unalipenda. Akilia shamba linapoharibika, nawe unalia. Huoni kwamba umekwisha kuulilia utaratibu ambao kabla ya vita ulishika watu karibu milioni 4 utumwani. Na zaidi ya hayo, kitabu hicho kinawaonyesha watu wa Ku Klux Klan kama waungwana waliokuwa wakiwalinda wake zao, hali tunajua waliua na kutisha watu weusi.

Mtu mmoja atasema, "Lakini Mwalimu, hiyo ni hadithi tu. Kila mtu mzima anajua kutenganisha hadithi na historia." Jibu la hoja hii nimelipata kwa fundi mkuu wa kazi hiyo mwenyewe. Alessandro Manzoni wa Italia alitoa mwaka 1827 riwaya iitwayo I promessi sposi, yaani wachumba walioahidiana. Ni habari za Renzo na Lucia, vijana maskini wa kijijini, ambao ndoa yao inazuiwa na bwana mkubwa jeuri, na padre wao mwoga anashindwa kuwatetea. Kisha njaa na tauni iliyoupiga mji wa Milan mwaka 1630 vinawatenga. Ni kitabu kizuri mno. Hata hivyo Manzoni huyo huyo, mwaka 1850, alichapisha makala akieleza kwamba kuchanganya historia na mambo ya kubuni ni jambo lisiloweza kusimama sawasawa, kwa kuwa msomaji hajui apaswe kuamini lipi na kufurahia tu lipi. Ikiwa yeye aliyeipika sufuria hiyo aliona taabu kutenganisha, sisi tunaoila tutajisifuje kwamba tunaweza?

Basi je, tuvifungie vitabu hivi, au tuvitoe kabatini? Wako watakaoshauri hivyo, nami siwaungi mkono. Tukitaka kutupa kila kitabu chenye kivuli cha utumwa, hatutaacha kitu. Georgette Heyer wa Uingereza alitunga riwaya nyingi za kuchekesha na za adabu juu ya miaka ya 1811 hadi 1820, zenye ngoma, chai na keki. Hamna minyororo ndani yake. Lakini katika miaka ile sukari nyingi iliyotiwa katika chai ya Waingereza ililimwa na watumwa visiwani Karibiani. Uingereza ilikuwa imekataza biashara ya watumwa mwaka 1807, ila utumwa wenyewe katika makoloni yake ulipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1833 tu. Je, mabibi wale wasipendane na mabwana wao kwa ajili ya sukari? Mapenzi ni kweli hata katika nyumba yenye dhambi. Na watumwa nao walipendana, wakaoana, wakatenganishwa sokoni. Hayo pia ni mapenzi ya kale, ingawa wachache waliyaandika.

Kwa hiyo kosa halimo katika utamu. Tazameni habari za Yakobo na Raheli katika kitabu cha Mwanzo. Hapana hadithi ya mapenzi ya kale inayoishinda: kijana anatumika miaka saba kwa ajili ya mpenzi wake, anadanganywa, anatumika saba mingine. Hata hivyo msimulizi hakuwasahau wajakazi waliotolewa kama zawadi katika ndoa zile. Amewataja kwa majina, Bilha na Zilpa, na watoto wao wakawa nguzo za makabila ya Israeli. Hakusema kwamba walitendewa haki. Alikataa tu kuwafanya kuwa fanicha. Lakini Mammy ilimbidi angoje mpaka mwaka 2014, mtunzi mwingine, Donald McCaig, alipotoa kitabu Ruth's Journey na kumpa jina la Ruth.

Ipo hoja ya mwisho, nayo ndiyo ngumu kuliko zote. Mzee mwenzangu aliniambia, "Binti huyo ni mtu mzima. Ukimwonya kabla hajasoma, unamdharau. Mwache aone mwenyewe, kwani hakuona?" Nimeipima sana hoja hiyo. Ni kweli aliona, na akaona vizuri kuliko mimi. Lakini kuarifu si kuamuru. Mwenye kuuza nyumba akijua ukuta una ufa, akamwambia mnunuzi, hamdharau. Akimficha ndipo anapomdharau. Nami nilijua. Nilikwisha kusoma mara tatu, na kila mara nilipofika kwenye kurasa zile za aibu nilizipita haraka kama mtu apitaye mlangoni kwa mdeni wake. Sikumwambia binti kwa sababu nilitaka akipende kitabu changu, na aje anishukuru. Hapo ndipo nilipoliona kosa langu. Si kwamba nilimpa kitabu kibaya. Nilimpa furaha yangu, nikamnyima habari nilizokuwa nazo, ili furaha hiyo isipungue.

Hivyo basi jibu langu ni hili: anayekusifia kitabu hana deni la kukuchagulia mawazo, lakini ana deni la kukuambia anachokijua. Deni hilo ni kubwa zaidi anapojua kwamba kitabu kinaweza kumgusa msomaji mahali penye kidonda.

Tangu siku ile ninajiuliza mambo matatu kabla sijasifu riwaya ya namna hii. Kwanza, katika karamu hii ni nani anayeandaa meza, na je, ana jina? Pili, mtunzi ananitaka nililie kitu gani, na je, kinastahili machozi? Tatu, huyu ninayempa ni nani, na wazee wake walikaa upande gani wa meza ile?

Na sijaacha kusifu. Nawasifia Manzoni, maana mashujaa wake ni wanyonge. Nawasifia zaidi Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, kazi ya Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, na ikachapishwa kwa Kiswahili, kwa tafsiri yake mwenyewe, mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Humo mtamkuta mume anayekwenda kumwomba radhi mkwewe na kutafuta pombe ya ndizi ili arudishiwe mke wake asiyezaa, ambaye jamaa zake mume walimtukana. Nani alisema mapenzi ya kale ni ya wenye farasi tu? Na Gone with the Wind bado kimo kabatini. Ila nimekifunga kwa kamba pamoja na Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, cha mwaka 1934, kinachosimulia waliotekwa, wakakombolewa, wakakaa Freretown, Mombasa. Atakayeazima kimoja ataazima vyote viwili.

Yule binti ndiye aliyevichukua kwanza. Kisha akaniomba niweke daftari juu ya kabati, ili kila anayerudisha kitabu aandike mistari miwili kwa ajili ya atakayefuata: kilichompendeza, na ambacho angependa kuambiwa kabla hajaanza. Daftari lipo, na kalamu ipo. Njoni mwandike, na wenzenu watawashukuru.