Mzigo Aliozaliwa Nao

JUMATANO

Soma Ezekieli 18:1-4 na Yohana 9:1-3. Je, kubeba madhara ya jambo ni sawa na kubeba hatia yake?

Wazee wa Pemba hukumbuka mwanzo wa miaka ya 1970, mchele, unga na sukari vilipokuwa haba na kugawiwa kwa kipimo. Hata wajawazito walishinda kwa muhogo. Watoto waliokuwa tumboni wakati ule sasa wamepita miaka hamsini. Mmoja wao akinenepa na kupata kisukari, watu husema upesi, "Kajitakia mwenyewe kwa ulafi."

Uholanzi hutoa onyo juu ya hukumu hiyo. Katika majira ya baridi ya 1944-1945, magharibi mwa nchi hiyo kulikuwa na njaa kali. Mwaka 2008 watafiti walitangaza walichokiona katika damu ya watu ambao mimba zao zilitungwa wakati huo. Miaka sitini baadaye, jeni moja ya ukuaji ilikuwa na alama chache za kikemikali kuliko ile ya ndugu zao. Jeni yenyewe haikubadilika. Alama hizo ndizo husaidia kuiwasha au kuizima. Elimu hii huitwa epijenetiki. Tafiti nyingine zilionesha kwamba waliokuwa tumboni wakati wa njaa hiyo walipata shida zaidi kudhibiti sukari mwilini ukubwani.

Je, Ezekieli alikosea? Hapana. Wasikilizaji wake walikuwa uhamishoni Babeli, wakiumia kwa makosa ya waliowatangulia pia. Nabii hakukana kwamba madhara hurithiwa; alikana kwamba hatia hurithiwa. Naye Yesu alikataa kumtafutia kipofu mkosaji.

Hata hivyo, njaa ya mama haiwi udhuru wa mwana. Kurithi udhaifu si kufungiwa njia: kutembea, kupunguza sukari na vya kukaanga, na kuongeza mboga na kunde humsaidia hata mwenye mwili kama huo. Hakuuchagua, lakini amekabidhiwa autunze (1 Wakorintho 6:19, 20). Na kanisa linalompelekea mjamzito maskini sahani ya kunde na mchicha linamhudumia mtu ambaye bado hajazaliwa.

Tafakari: Ni nani uliyewahi kumhukumu kwa kuutazama mwili wake tu? Utamsaidiaje juma hili, bila kumwaibisha?