Deni au Hisani? Juu ya Nyumba Iliyokosa Joto

Katika nchi zetu mwenye nyumba hulaumiwa kwa paa linalovuja au kwa kisima kilichokauka. Huko Ujerumani, ambako baadhi ya vijana wetu wanasoma na kufanya kazi, lawama kubwa ya majira ya baridi ni juu ya joto. Nyumba kubwa ya kupanga mara nyingi ina tanuru moja chini ya nyumba. Lapasha maji moto, nayo hupelekwa kwa mabomba mpaka vyuma vilivyowekwa chini ya madirisha ya kila chumba. Tanuru likiharibika mwezi wa Januari, jamaa zote za nyumba ile hupatwa na baridi siku moja. Ndipo barua zaanza kumfikia mwenye nyumba: turudishie fedha. Twauliza basi, fedha hizo ni deni, au ni hisani?

Watu wengi hudhani kwamba asiye na kosa hana deni. Mwenye nyumba asema, "Tanuru nililitunza, fundi alilikagua, chuma kimepasuka chenyewe, nimekosa nini?" Yamkini hakukosa neno. Lakini aliyeuza pishi ya mahindi, nayo yakamwagika njiani kabla ya kumfikia mnunuzi, yeye naye hakutenda dhambi. Hata hivyo hawezi kudai bei ya pishi nzima. Kodi ni bei ya nyumba ikalikayo, na nyumba isiyo na joto wakati wa theluji ni nusu ya nyumba. Sheria ya Wajerumani iliyoanza kutumika mwaka 1900 yashika njia hiyo hiyo: upungufu ukiwa si mdogo, kodi yapungua yenyewe kwa siku za upungufu, kosa liwe la mwenye nyumba au lisiwe lake. Mpangaji yampasa kumpasha habari mara moja. Akinyamaza, na tanuru lisitengenezwe kwa sababu hiyo, haki yake yapotea.

Fidia ya hasara ni jambo lingine, na fitina nyingi zatoka katika kuyachanganya haya mawili. Tuseme kodi ni Euro 900 kwa mwezi wa siku 30, na tanuru limelala siku 6. Kodi ya siku hizo ni Euro 180. Wakipatana kwamba nyumba ilipungua nusu, Euro 90 si mali ya mwenye nyumba. Lakini mpangaji aliyenunua jiko la umeme, au aliyekwenda kulala katika nyumba ya wageni, akataka alipwe gharama zile, huyo adai fidia, na hapo maswali ni mengine. Je, mwenye nyumba alichelewa kumwita fundi? Je, ubovu ulikuwako tangu siku ya kupangisha? Kiasi cha punguzo hakikuandikwa katika sheria. Mahakimu hupima ukali wa baridi, wingi wa siku na vyumba vilivyokosa joto. Kwa hiyo mpangaji mwenye busara huandika kila siku kipimo cha joto chumbani, wala hakati fedha kwa hasira. Maana akikata kupita haki, aweza kuhesabiwa kuwa hakulipa kodi, akatolewa. Afadhali alipe yote, na kuandika kwamba haachi haki yake.

Mpaka hapa sheria yatuongoza. Ugumu waja kwa wale wasioandika barua. Katika nyumba ya jamaa 10, watatu watapiga kelele, wengine watauliza kwa upole, na pengine yuko mama mzee wa orofa ya juu aliyevaa makoti mawili, akalipa kodi yote kwa siku yake, kimya. Aliyelipa hali ajua kwamba hakuwiwa kiasi hicho, sheria yaweza kumnyima kurudishiwa. Basi mwenye nyumba aweza kunyamaza, asiitwe mbele ya hakimu yeyote. Wako wasemao kwamba si kazi yake kuwafundisha wapangaji haki zao. Sisi hatukubali. Ikiwa fedha zile si zake katika chumba cha mwenye kelele, zitakuwaje zake katika chumba cha mnyamavu? Baridi ilikuwa moja. Alipaye kwa kadiri ya kelele hununua raha yake tu, tena awafundisha watu wake kupiga kelele mwaka ujao. Na ahesabu sehemu moja kwa wote walioona baridi moja, awaandikie hata wasioomba.

Wala asiiite zawadi. Zawadi hutoka katika mali ya mtoaji. Arudishaye kilicho cha mwenzake na kungoja shukrani ajitwalia heshima isiyo yake. Akitaka kuwaazima majiko au kuwapa mablanketi, ni vema sana, lakini asiyakate hayo katika deni.

Si wenye nyumba wote walio matajiri. Mwingine ni mjane aishiye kwa kodi ya vyumba viwili, na tanuru jipya limemmalizia akiba. Umaskini wake haufuti deni, ila wabadili namna ya kulipa: aombe kulipa kidogo kidogo kwa miezi mitatu au minne. Naye mpangaji mwenye mshahara mzuri yuko huru kumsamehe. Lakini na asamehe kwa kinywa chake mwenyewe, akiisha kuambiwa anadai kiasi gani.