Jina Nililolitoa Mtangawanda

Maandiko: Kutoka 20:16; Luka 22:54–62

Mliniombea safari ya baiskeli kutoka Mombasa hadi visiwa vya Lamu, na nimerudi salama. Asanteni sana. Wengi mmeniuliza habari za njia. Njia ni nzuri: siku ya kwanza Malindi, kama kilomita 120, ya pili Garsen, ya tatu Mpeketoni, lami tupu. Lakini leo nitasimulia siku ya tano peke yake, maana siku hiyo nilikosa, na ilinichukua muda kujua nimemkosea nani.

Mpeketoni nililala kwa familia ya waumini. Usiku baba mwenye nyumba alinisimulia Juni 2014, watu zaidi ya 60 walipouawa mle mjini na vijiji vya jirani, na jinsi wengine walivyoulizwa dini yao kwanza. Asubuhi niliondoka na habari hiyo kichwani, nzito kuliko mizigo yote ya baiskeli.

Siku ya tano nikapanda boti ya abiria pale Lamu, baiskeli ikafungwa juu ya magunia. Boti hizo hufuata maji. Yalipojaa tukapita mlango wa Mkanda, mikoko huku na huku, tukashuka Mtangawanda, gati la kisiwa cha Pate. Nia yangu ilikuwa niendeshe hadi Siyu, nione ile ngome ya kale, nirudi jioni. Kuendesha wapi! Mchanga ule, nilisukuma zaidi ya nilivyoendesha. Saa saba mchana mwiba ukatoboa tairi la nyuma. Nikatafuta gundi ya viraka, kumbe imekauka. Maji nayo yamekwisha.

Akatokea mzee na punda wake. Nikamwamkia shikamoo. "Marahaba mwanangu, pole." Akanipa kidumu cha maji, nikanywa. Ndipo akauliza, "Waitwaje?"

Wapendwa, mdomo ulitangulia. Nikasema, "Athumani."

Hakuna aliyenishikia bunduki. Palikuwa na mzee, punda na maji aliyonipa.

Akaweka mizigo yangu juu ya punda, tukarudi naye Mtangawanda hadi kwake. Nikalishwa wali wa nazi na samaki. Kila akiniita Athumani, nilichelewa kuitika. Ilipofika alasiri akasema, "Haya Athumani, twende tukaswali." Nikamwambia tumbo linaniuma. Uongo wa pili huo. Akamwagiza mjukuu wake anichemshie tangawizi, ndipo akaenda kuswali.

Nikabaki na kikombe mkononi. Nikamkumbuka Petro uani kwa kuhani mkuu, nikatubu kwa Bwana kwa kuficha kwamba mimi ni wake. Lakini amani haikuja. Nilihisi kuna mwingine ninayedaiwa.

Mtu atasema, kujificha si dhambi kila mara. Ni kweli. Wakunga wa Kiebrania walimficha Farao habari, Rahabu aliwaficha wapelelezi. Na hapa kwetu Kenya, tarehe 21 Desemba 2015, basi la kwenda Mandera lilivamiwa karibu na El Wak. Abiria Waislamu wakawapa wanawake Wakristo mitandio wajifunike, wakakataa kutenganishwa nao. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi siku hiyo, akafariki Januari 2016. Nani atathubutu kusema kwamba mama aliyejifunika mtandio ule alitenda dhambi?

Lakini tazameni tofauti. Kule muuaji alikuwepo kweli, na aliyetoa vazi la kujificha ni jirani mwenyewe. Mimi muuaji nilimtunga, nikampa sura ya mzee mwenye punda.

Hapo ndipo nilipoielewa amri ya tisa. Miaka yote nimeifundisha kama amri ya kukataza uongo, basi. Lakini inamtaja jirani: inakataza kumshuhudia yeye uongo. Nilipojiita Athumani, sikudanganya juu yangu tu. Nilishuhudia juu yake. Ni kama nilisema: mtu huyu akinijua mimi ni nani, atanidhuru. Nilimhukumu, kisha nikala chakula chake.

Sisemi hofu ni dhambi. Waliofiwa Mpeketoni wana machozi ya haki, na mwenye kutahadhari simlaumu. Lakini torati yataka mashahidi wawili au watatu kabla ya kumhukumu mtu. Mimi nilikuwa na shahidi mmoja, hofu yangu, na shahidi huyo hakuwa amewahi kumwona mshtakiwa.

Mzee aliporudi nikamwambia yote. Kwamba mimi si Athumani, kwamba ni Mkristo, na kwamba niliogopa. Nikamtajia jina langu. Akakaa kimya kitambo. Sikuona hasira usoni, niliona ameumia, na hilo lilinichoma zaidi.

"Mimi nilikuuliza jina nipate kukuita," akasema. Kisha, "Na tumbo?"

"Haliumi, mzee. Nisamehe."

"Haya. Kunywa hivyo hivyo, isipoe."

Jioni kijana mmoja wa bodaboda akaniziba tairi. Siyu sikuiona. Alfajiri mzee alibisha mlango, akaniita kwa jina langu, lile alilonipa baba yangu: maji yamejaa, boti i tayari. Mara hii niliitika upesi.

Wapendwa, kila mmoja wetu ana mtu au watu aliokwisha kuwashuhudia moyoni bila kuwaona. Huenda ni jirani wa mtaani, huenda ni kabila zima. Wiki hii tujiulize: shahidi wangu ni nani, na je, alimwona mshtakiwa? Tukikuta tumemshuhudia mtu uongo, tutubu kwa Bwana, halafu tumwendee na mtu mwenyewe. Mimi toba ya kwanza haikunitosha mpaka nilipofanya ya pili.

Bwana atupe ujasiri wa kutaja majina yetu. Amina.