Wageni wa Darasa Moja

Somo: Yohana 21:1–22

Msimu wa senene ndio msimu wa wageni hapa Bukoba. Kuanzia Novemba mpaka Krismasi, watoto wa nyumbani waliotawanyika nchi nzima wanarudi, na siku hizi wengi hawaji peke yao. Wanakuja na wenzao waliosoma nao sekondari, watu wa Songea, Singida na Tanga ambao Kagera waliisikia tu kwenye somo la jiografia. Makundi ya wasapu yameamsha urafiki uliolala miaka thelathini. Mtu anaulizwa, "Kwenu tunakuja lini?" na kabla hajajibu, nauli zimeshaanza kuchangwa.

Ugeni huu haufanani na ugeni mwingine. Akija mkwe au shangazi, kila mtu nyumbani anajua utaratibu. Rafiki wa shule anakuja akikujua ulivyokuwa kabla ya ndoa na kabla ya cheo. Anakuita kwa jina la bwenini mbele ya wanao. Wakikusanyika watatu au wanne, yale ambayo hayakuisha shuleni nayo yanaketi mezani pamoja nao.

Someni Yohana 21 kwa jicho hilo. Wale wanafunzi saba walioko ziwani hawako ugenini. Galilaya ni kwao, mashua wanazijua, na hata ule usiku wa kuvua wakakosa kabisa si mgeni kwao. Kulipokucha Bwana yuko ufukweni, amekwisha washa moto wa makaa, samaki wako juu yake na mkate upo. Aliyeshinda mauti anawapikia rafiki zake kifungua kinywa. Anawaambia pia walete katika samaki waliovua wao, na hapo ndipo Petro anapovuta wavu wenye samaki wakubwa 153.

Sasa angalieni ule moto. Sura tatu nyuma, katika ua wa kuhani mkuu, Petro alikuwa akiota moto wa makaa alipomkana Bwana wake. Hakuna aliyeutaja ufukweni. Hakukuwa na haja. Harufu ya makaa yenyewe ilitosha kumkumbusha mtu yule usiku wake mbaya kuliko yote.

Lakini Bwana hakuanza na hilo. Aliwalisha kwanza. Ni baada ya kula ndipo alipomgeukia Petro, tena akamwita Simoni, jina alilokuwa nalo kabla hajapewa jipya, akamwuliza mara tatu kama anampenda. Utaratibu huu naupenda sana. Wapo wenyeji ambao mgeni akiweka tu begi chini, kesi imefunguliwa. Wapo wengine, nao ni wengi zaidi, wanaoamini kwamba heshima ya mgeni ni kufunika kombe mwanaharamu apite. Basi watacheka siku nne, watapiga picha, na aliyekuja na jiwe kifuani ataondoka nalo. Bwana hakufanya la kwanza wala la pili.

Jambo hili nimeliona kwa macho, na wahusika wameniruhusu kulisimulia. Tulisoma bweni moja, mbali na hapa. Tukiwa kidato cha tano kulitokea mgomo wa chakula. Shule ilitaka majina ya viongozi wa mgomo, na kaka mkuu, kijana wa miaka kumi na tisa, akaambiwa ayaandike. Katika walioandikwa alikuwepo mwenzetu tuliyemwita Fundi kwa sababu hakuna redio iliyomshinda. Alifukuzwa, na kidato cha sita hakukiona. Kaka mkuu alifaulu, akaenda chuo kikuu, akawa mtumishi wa serikali mpaka kustaafu kwake mwaka jana.

Wenzetu walipoanza kupanga safari ya Bukoba, Fundi hakuwa hata kwenye kundi la wasapu. Hakuna aliyemkataa. Ilionekana tu kwamba kundi ni la waliomaliza. Hapa tukumbuke Marko 16:7. Malaika kaburini anawatuma wanawake kwa wanafunzi, kisha analiongeza jina la Petro peke yake, kana kwamba mbinguni walijua kwamba mwaliko wa jumla mtu yule asingedhani unamhusu. Fundi hakutumiwa ujumbe. Alipigiwa simu.

Kaka mkuu na mwenzetu wa Singida walikuja kwa meli ya usiku kutoka Mwanza, wakashuka asubuhi. Fundi alikuja kwa basi. Maji ya ziwa hili hayaamini tangu MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, na hapa kwetu hakuna wa kumshangaa. Tuliwatembeza kidogo: Kanisa Kuu la Katoliki alikozikwa Kardinali Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kuwa kardinali, mwaka 1960, kisha ufukweni kukitazama kisiwa cha Musira. Ratiba hatukuijaza, na hilo nalisisitiza kwenu mnaotarajia wageni. Mwenyeji anayewakimbiza wageni tangu asubuhi mpaka usiku anawanyima kitu walichokifuata, yaani muda wa kukaa.

Jioni walikula ndizi na maharage, sato wa kuchoma, na senene waliokaangwa siku hiyohiyo. Baada ya chakula, kama ilivyo desturi, zililetwa kahawa za kutafuna kwenye kikapu kidogo. Mwenzetu wa Singida akauliza habari zake, na mzee wa jirani akamweleza kwamba zamani watu wawili walipochanjiana undugu, tunda la kahawa lilipasuliwa, na kwa kuwa ndani yake mna punje mbili, kila mmoja alikula punje iliyopakwa damu ya mwenzake. Kuanzia hapo huwezi kumtenda ubaya ndugu yako huyo, wala kumfungia mlango.

Kaka mkuu alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Fundi, jina lako niliandika mimi."

Fundi akajibu kwamba alijua siku ileile. Kaka mkuu akaanza kueleza alivyotishwa, na kwamba naye alikuwa mtoto. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hayo nilikwisha yafikiria mwenyewe. Nilichongoja miaka yote ni mmoja wenu aniulize mama yangu alisemaje niliporudi nyumbani na sanduku."

Tulikuwa na tamko la toba, na hiyo si haba. Lakini aliyeumizwa alikuwa na habari ndefu ambayo haikuwahi kupata msikilizaji. Kaka mkuu akamwuliza. Fundi akasimulia kuhusu mama yake, ng'ombe aliyekuwa ameuzwa kwa ajili ya karo, na gereji alikoanza kazi wiki iliyofuata. Hakuna aliyemkatiza, na chai ililetwa mara mbili.

Kesho yake mwenzetu mmoja alinivuta kando kutaka kujua kama wale wawili wamepatana kabisa. Petro naye aliuliza vivyo hivyo. Alipokwisha kurejeshwa aligeuka, akamwona mwanafunzi mwingine akifuata, akataka kujua habari za huyo. Na Bwana akamjibu kwamba hilo halimhusu, yeye amfuate. Kupatana kwao ni kwao. Mimi ninachokijua ni kwamba mwaka huu Fundi ametualika kwake Korogwe, na kaka mkuu ameshauliza mabasi ya huko yanatoka Dodoma saa ngapi.